Umemaliza digrii ya biashara: ubobee mapema au uanze na kazi yoyote?

Kila anayemaliza biashara anafika kwenye swali lile lile, nimemaliza, sasa nielekee wapi, na ushauri anaopewa huwa wa aina mbili. Wa kwanza anakwambia chagua fani moja fasta, piga mitihani ya bodi, uwe mhasibu au mkaguzi anayetambulika. Wa pili anakwambia achana na vyeti kwanza, ingia popote hata kama ni mauzo, mengine utayajulia mbele ya safari. Naona wote wana hoja, ila kuna kitu wote wanakiruka.

Tatizo lenyewe ni kwamba digrii hii ni pana mno. Umegusa uhasibu kidogo, masoko kidogo, uchumi, sheria za mikataba, takwimu, usimamizi wa watu, halafu mwajiri akikuuliza ukianza jumatatu utanifanyia nini unajikuta unamtajia majina ya masomo. Na wengine wanaweza kuja upande wako. Satya Nadella wa Microsoft alianzia uhandisi wa umeme, akasoma kompyuta, MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, akaja kuiongeza baadaye na leo anaongoza kampuni, lakini wewe wa biashara kuhamia kwenye uhandisi ni kuanza moja kabisa. Mlango wako kila mtu anaweza kuupita, ndo maana foleni yake ni ndefu.

Hapo ndo hoja ya kubobea inapopata nguvu. Ukichukua ACCA kwa mfano, cheti cha kimataifa cha uhasibu, mitihani ipo 13 na mwenye digrii inayohusiana anaweza kusamehewa hadi 9, maana yake miaka uliyosoma haikwenda bure, unabakiwa na minne ya juu ambayo hakuna msamaha, na hiyo minne ni migumu kweli. Anayependa uwekezaji ana CFA, cheti cha wachambuzi wa uwekezaji, ngazi 3, na kwa miaka ya karibuni zaidi ya nusu ya wanaofanya ngazi ya kwanza wanaanguka. Ugumu huo ndo unaokipa cheti thamani, mwajiri hahitaji kubahatisha kama unajua.

Lakini kuna vijana wanajifungia ndani miaka miwili wanasoma tu, hawajawahi kuona ankara iliyokataliwa wala mteja aliyegoma kulipa, wanaamini wakifaulu karatasi ya mwisho kazi itakuja yenyewe. Haiko hivyo. ACCA hawakupi uanachama mpaka uwe na miezi 36 ya kazi inayohusika, CFA nao wanadai saa 4,000 ndani ya muda usiopungua miezi 36. Yaani bodi zenyewe zinasema mtihani peke yake hautoshi.

Sasa upande wa kazi yoyote, na hapa nitaongelea mauzo maana ndo mlango ulio wazi kuliko yote na ndo unaodharauliwa kuliko yote. Mtu ana digrii anaona aibu kuitwa afisa mauzo. Mimi nasema ukikaa mwaka mmoja kwenye mauzo utaelewa vitu ambavyo darasani vilikuwa maneno matupu: kwamba kuuza na kupokea hela ni vitu viwili tofauti, kwamba punguzo dogo la bei linaweza kumeza faida yote, kwamba mteja akisema nitakupigia mara nyingi ameshakataa, na utajifunza kukataliwa saa tatu asubuhi na saa nne ukaongea na mtu mwingine vizuri bila kinyongo. Mhasibu aliyepita huko akiona wadaiwa kwenye leja anajua nyuma ya zile namba kuna nini. Doug McMillon alianza Walmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, mwaka 1984 akipakua mizigo ghalani, akasoma digrii ya biashara, akarudi kwenye kampuni kama msaidizi wa meneja wa duka, kisha akahamia kwenye ununuzi, na 2014 akawa mkurugenzi mtendaji.

Ila mtu mmoja aliyefika kileleni hatuambii chochote kuhusu maelfu waliobaki chini. Kazi ya kamisheni tupu, bila mshahara wala mafunzo, inaweza kukula miaka mitatu ukabaki na sivii inayosema ulifikisha targeti, basi. Na hizi kazi za kuingiza data zilizokuwa kimbilio la wengi zinapungua. Programu za kupiga hesabu kwenye majedwali, VisiCalc ilipotoka 1979 na Excel 1985, kujumlisha leja kwa mkono kuliondoka, thamani ikahamia kwa anayeweza kueleza namba zina maana gani, na sasa programu za akili bandia zinafanya kitu kile kile kwa kasi zaidi.

Kuhusu kuunganisha MBA moja kwa moja baada ya digrii, sioni faida, sehemu kubwa ya masomo yale yanategemea uwe na uzoefu wa kuchangia darasani. Na jiajiri ni ushauri mzuri kwa mwenye mtaji na mteja tayari, kumwambia asiye na vyote viwili ni kumtupa.

Kinachorukwa na pande zote ni mtu utakayekuwa chini yake. Kwa ACCA uzoefu wako lazima uthibitishwe na msimamizi, kwa hiyo ukifanya kazi mahali ambapo hakuna mhasibu wa kukusainia, hata ukijituma vipi malengo yako ya kiuhasibu yanakwama. Kwenye intavyuu ulizia, nitaripoti kwa nani, yeye ana sifa gani, na waliopita kwenye nafasi hii wako wapi sasa hivi. Kati ya kazi yenye mshahara mkubwa kidogo isiyo na wa kukufundisha, na yenye mshahara mdogo chini ya mtu mwenye fani yake, mimi nachagua ya pili huku nikifanya karatasi moja moja jioni. Kama kuna watu wanakutegemea na huwezi kusubiri, chukua ile ya kwanza, nakuelewa kabisa, ila jiwekee mwaka mmoja na anza kutafuta nyingine ukiwa bado uko humo humo kazini.