Mnyonya damu chini ya mwembe: yuko juani au hayuko?

Jumamosi iliyopita tulisimamisha mchezo wetu wa Dungeons & Dragons, ule wa kuigiza hadithi mezani kwa dadu, karibu saa nzima kwa sababu ya mti. Mnyonya damu tuliyemsaka kwa vikao vitatu tulimtoa ghalani saa sita mchana, naye akajibanza chini ya mwembe mnene, kama ile mikongwe ya hapa Ujiji. Mwendesha mchezo, anayesimulia hadithi na kuamua sheria, akasema yuko kivulini, salama. Nusu ya meza ikawaka.

Asiyecheza Dungeons & Dragons aelewe kwanza hesabu. Katika toleo la 2014 la kitabu cha mchezo, kiumbe huyu ana pointi za uhai 144. Akianza zamu yake juani hupoteza 20, na kila akishambulia anarusha dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo. Nje ya jua, kwa kawaida hurudishiwa 20 kila zamu. Hatua moja tu ya kutoka kivulini ina uzito wa pointi 40. Zaidi ya hapo, akiishiwa pointi kivulini hugeuka ukungu akakimbilia jeneza lake. Juani hana ukungu, amekwisha.

Wenzangu waliopinga walikuwa na hoja nzito. Kitabu kinasema jua, basi. Toleo la tatu la mwaka 2000 lilitaja jua la moja kwa moja, hili halitaji. Tena ukikubali kivuli cha mti, kesho atakuja na mwavuli, keshokutwa amejifunika shuka gubigubi, na udhaifu ambao wachezaji wameutafuta kwa jasho unabaki jina tu. Hili la shuka linanigusa. Tulivumilia vikao vitatu tukisubiri kupambazuke, na haki ya subira hiyo lazima ionekane mezani.

Hata hivyo nasimama na mwendesha mchezo, kwa sababu sheria zenyewe hazipimi ukali wa mwanga, zinauliza mwanga huo umetoka wapi. Katika toleo hilo la 2014, uchawi wa kuangaza eneo kama mchana ulitoa mwanga mkali tu, haukumuunguza. Ilibidi lije toleo la 2024 ndipo ukaitwa jua. Kama mwangaza peke yake hautoshi, basi kinachochoma ni miale inayomfikia, na majani ya mwembe huizuia. Mpaka wangu ni huu: kivuli cha mahali kinamkinga, vazi halimkingi. Mahali unaweza kumtoa au kupabomoa, lakini shuka anatembea nayo.

Mawingu ndiyo magumu, hasa msimu wa mvua, Ziwa Tanganyika linapofunikwa hata milima ya Kongo isionekane. Hapo ningemwondolea hasara ya pointi nikamwachia udhaifu wa dadu. Dracula wa Bram Stoker, mwaka 1897, alitembea mchana akiwa amepungukiwa nguvu tu. Kuuawa na jua kulienea baada ya filamu ya Nosferatu ya 1922. (Mumiani wa babu zetu hakuogopa saa yoyote.)

Kosa la mwendesha mchezo wetu lilikuwa wakati. Kauli kama hiyo inatolewa kabla hatujamvuta nje, mtu ajue anachokiendea.

Tulipotulia, mpiganaji wetu aliuliza kama tawi linakatika. Akajibiwa linakatika. Alitumia zamu mbili na panga, na katika ya tatu jua likapenya.