Mume mgeni, mke injinia

Barazani kwetu Kikwajuni, mtaa wa mjini Unguja, mwanamume akihamia nyumbani kwa mkewe basi kazi anayo. Atazika na watu, atachanga harusini, atawafunga wazee bao, lakini akigeuza mgongo tu utasikia: "Yule kaolewa." Nimekua nikisikia hayo yakisemwa juu ya jirani yetu Mngazija, na naona wanaoyasema hawajawahi kujiuliza ndoa ile imedumu kwa nini, wakati za wengi wao zimevunjika.

Mkewe ni injinia wa umeme, mzaliwa wa hapahapa. Amestaafu, ila mtaa mzima bado unamwita Bi Injinia. Mume ni fundi cherehani, alikuja Unguja kijana kutoka Moroni, kisiwa cha Ngazija, huko Komoro. Wana zaidi ya miaka thelathini pamoja na wajukuu juu.

Kwao Ngazija nyumba ni ya mwanamke. Binti hujengewa na watu wake, na mume ndiye anayefunga mizigo na kuhamia, hata awe mtu mzito wa mji. Siku moja walipomchokoza barazani aliwajibu bila hasira: "Baba yangu alihamia kwa mama yangu, na babu kwa bibi. Nyie mlitaka huyu nimpeleke wapi?" Walicheka, mmoja akabadilisha mazungumzo.

Faida ya malezi hayo niliiona Disemba 2009. Kebo ya baharini iliyokuwa inatuletea umeme tangu 1980, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, iliharibika, na Unguja ikakaa gizani mpaka Machi 2010. Pampu zilisimama, maji yakawa ya kutafuta na madumu. Bi Injinia akitoka alfajiri, akirudi usiku mkubwa, na njiani watu wakimdai umeme kama vile kaufungia sandukuni kwake. Mumewe aliiweka pembeni cherehani ya umeme, akarudia ile ya miguu. Jioni alikoka mkaa, akapika.

Usiku mmoja nilikuwapo. Alikuwa kaoka mkate wa kumimina, kaupalia makaa juu ya kifuniko, kandili ikiwaka pembeni. Mke aliingia, akala vipande viwili kwanza, ndipo akasema: "Mwenzangu, tui leo umelizidisha."

"Umeme ukirudi utapika wewe."

"Basi nitaomba ukawie!"

Mwanamume mwenye kuona haya kukaa kwa mkewe asingeimaliza miezi ile. Angetaka wifi aje kupika, au angeanza kuuliza kazi gani hiyo inayomrudisha mke wa mtu saa sita usiku.

Mwanamke naye anadaiwa lake, nalo ni karatasi. Kwa miaka yote hiyo yeye ndiye anayelishughulikia faili la kibali cha ukaazi cha mumewe, kulijaza, kulifuatilia, kupanga foleni. Hapo ndipo ninapogombana na sheria yetu, maana inafikiri kama baraza la Kikwajuni. Sheria ya Uraia ya 1995 inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa ajili ya ndoa yake. Mwanamume mgeni aliyemuoa Mtanzania hana mlango huo. Yeye aombe kama mgeni mwingine yeyote, kwa kuhesabiwa miaka ya ukaazi. (Na hata akiupata itabidi auache wa kwao, kwa kuwa uraia pacha kwa mtu mzima haturuhusu. Jirani yangu hilo hajaliafiki, na simlaumu.)

Nimewasikia wanaosema mlango ukifunguliwa wanaume wa nje watajaoa kwa tamaa ya karatasi. Haya, na wanawake wa nje hawawezi? Kama hofu ni ndoa za uongo, ichunguzwe ndoa yenyewe: wanaishi wapi, tangu lini, majirani wanasemaje. Mimi wa kwanza nitakuja kutoa ushahidi.

Uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano, kwa hiyo Baraza la Wawakilishi pale Chukwani haliwezi kulibadilisha hili peke yake. Lakini majimbo yetu yana wabunge Dodoma, na wakati wa kampeni huja Kikwajuni wakakaa kwenye baraza lilelile, pembeni ya Mngazija asiye na kura, mbele ya mkewe aliye nayo.