Tunawahesabia Wachungaji Mabati

Mchungaji akihamishwa, risala ya kumuaga huwa na orodha ileile: amemaliza jengo la kanisa, amepaua nyumba ya mchungaji, ameweka vigae madhabahuni, amenunua vyombo vya kwaya. Watu wanapiga vigelegele, anakabidhiwa mbuzi na bahasha, safari njema. Sijasikia bado risala inayosema, "Ametuachia wainjilisti wanne walioiva, na baraza la wazee linaloweza kuamua jambo bila yeye kuwepo." Labda ipo kwenye usharika fulani. Kwetu haijasomwa.

Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na sina ugomvi na wachungaji. Nikiwatazama, naona watu waliochoka. Jumapili mchungaji anaongoza ibada ya kwanza saa moja asubuhi, anashika ya pili, kisha anapanda pikipiki kwenda mtaani, yaani tawi la usharika, kwa sababu huko wanamsubiri kwa Chakula cha Bwana. Akirudi kuna kamati ya harusi. Katikati ya hayo fundi anapiga simu, saruji imeisha. Jumatatu, siku ambayo wengi wao huiita ya mapumziko, kuna msiba. Hundi isainiwe na yeye, barua ya utambulisho ya kijana anayeomba kazi iandikwe na yeye, hata ufunguo wa stoo ya viti anao yeye. Kisha tunalalamika kwamba mahubiri yake siku hizi hayana uzito.

Yethro alimkuta Musa katika hali hiyohiyo, ameketi toka asubuhi hadi jioni na watu wamepanga mstari mbele yake, akamwambia wazi kwamba atachakaa yeye na watu wake pia. Sura hiyo ya 18 ya Kutoka tunaihubiri kila tunapoingiza kazini wazee wapya. Tukitoka hapo, tunampa mchungaji kazi nyingine.

Tukirudi kwenye historia yetu wenyewe, nani aliyelikuza kanisa hili? Buhaya Injili ilitangulia kuingia kutokea Buganda, mikononi mwa Wahaya wenyewe, kabla wamisionari wa Betheli, shirika la misioni la Kijerumani, hawajafika mwaka 1910. Kule Kilimanjaro, Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na Vita ya Pili ikawaondoa tena waliokuwa wamerejea. Mara zote mbili makanisa hayakufungwa. Walimu wa shule za vijijini, wainjilisti na wazee ndio waliosomesha kipaimara, wakazika, wakapatanisha ndugu waliogombania shamba. Stefano Moshi, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa KKKT makanisa saba yalipoungana mwaka 1963, alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mchungaji. Alitoka kwenye kundi hilohilo la walimu waliobeba kanisa mgongoni.

Na uamsho? Ule wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini huko Rwanda miaka ya 1930 ukapita Uganda hadi Bukoba na kwingineko, haukuanzishwa na azimio la mkutano mkuu. Simeoni Nsibambi, mmoja wa watu waliouwasha, hakuwa kasisi. Watu waliketi nyumbani kwa mtu, wakaungama dhambi zao mbele ya wenzao, wakarudisha walivyoiba, wakaenda kijiji cha pili kusimulia. Sitaki kuupamba sana: walokole, yaani watu wa uamsho huo, nao walikuwa na ukali wao, na wapo waliowahukumu wachungaji wao hadharani kana kwamba mbinguni wanaingia kwa tiketi wanazozigawa wao. Lakini katika ushirika ule watu walilelewa wakakomaa. Josiah Kibira alikuwa mtoto wa uamsho huo. Alikuja kuwa askofu Bukoba, na mwaka 1977 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani.

Sasa nenda kwenye mtaa wowote wa pembezoni uone nani anayelea leo. Mwinjilisti anafika kabla ya wote, anafagia, anagonga ile rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mti. Anaongoza liturgia, anahubiri, kisha anasimama nje kunadi sadaka za mazao: mkungu wa ndizi, mayai, kuku aliyefungwa miguu. Ana kipaji cha mnada. Papai moja analiuza mara tatu, kwa sababu kila anayelinunua analirudisha mezani. Baada ya hapo anabaki na watoto wa kipaimara, mahudhurio yao yamo kwenye kaunta buku iliyochakaa. Alisoma chuo cha Biblia miaka mingi iliyopita na tangu hapo hajaitwa kwenye semina. Posho yake inategemea mtaa umekusanya nini, na msimu wa njaa hiyo maana yake tunajua wote.

Katika baraza letu tuliwahi kutumia sehemu kubwa ya kikao kubishania rangi ya vigae. Taarifa ya wainjilisti ikaangukia kwenye mengineyo, wakati watu wameshashika funguo za pikipiki na mwenyekiti anatafuta wa kufunga kwa sala.

Ninachodai ni kwamba kulea viongozi iwe kazi ya kwanza ya mchungaji, na asiifanye kwa muda uliobaki. Chuo chetu cha theolojia, kilichoanzia Lwandai, Lushoto, mwaka 1947 kabla ya kuhamia Makumira, kimetoa wasomi wazuri, na sitaki mtu apunguze Kigiriki wala mafundisho ya imani. Mchungaji asiyesoma ni hatari kuliko asiyejua hesabu. Ila kijana anayetoka chuoni akapewa usharika wenye mitaa saba na deni la ujenzi anahitaji mkubwa wake wa kumwonyesha namna ya kuendesha kikao chenye watu wasiopatana, namna ya kusoma taarifa ya mtunza hazina na kuuliza swali, namna ya kumsikiliza mjane bila kumkatiza kwa mstari wa Biblia. Miaka yake ya mwanzo ingefaa aitumie chini ya mchungaji mzoefu. Na kila mwezi mchungaji akae siku nzima na wainjilisti wake: wasome pamoja, waandae mahubiri, waambizane wapi pamekwama.

Wapo watakaosema wazee wetu hawana uwezo, wakiachiwa watavuruga. Mimi naona usharikani wakaguzi wa hesabu wastaafu, wakuu wa shule, manesi, na tumewapa kapu la sadaka wapitishe. Wanawake ndio wanaojaza viti na kuendesha jumuiya za nyumba kwa nyumba. KKKT iliwafungulia mlango wa uchungaji mwaka 1990, lakini kikao cha fedha kikiitishwa bado wengi mezani ni wanaume.

Vijana wanaohamia kwa manabii tunawasema kwamba wamefuata miujiza na mafuta ya upako. Wengine ni kweli. Ila niliozungumza nao, wengi wanataja jambo la kawaida kabisa: kule walipewa kazi mapema, wakajulikana kwa majina, wasipoonekana mtu anapiga simu. Hilo halihitaji nabii. Linahitaji mwinjilisti aliyefundishwa, aliyelipwa, mwenye kundi dogo analolijua, na mchungaji ambaye yeye mwenyewe anamjua mwinjilisti huyo.

Bajeti ya mwaka ujao inaandaliwa sasa. Nitapendekeza posho za wainjilisti zilipwe na usharika badala ya kuachiwa mitaa, na taarifa yao isomwe kabla ya taarifa ya ujenzi. Nitaomba pia kifungu cha mafunzo kisiguswe, maana fedha zikipungua ndicho kinachokatwa kwanza. Vigae vya barazani vinaweza kusubiri.