Tenda Zilizotengwa: Aliyeshindwa Aruhusiwe Kuuliza Mwenye Kampuni Ni Nani

Serikali ya Kenya ilipoamua kutenga asilimia 30 ya ununuzi wake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, ilitenda haki. Mpango huo, ambao sote tunauita AGPO, ulizinduliwa Oktoba 2013, na sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 ikaupa nguvu zaidi. Kijana mwenye kampuni changa hahitaji tena kwenda benki kuomba dhamana ya zabuni. Anajaza fomu ya ahadi na kuitia sahihi. Nauunga mkono mpango huu kwa moyo wangu wote, na ndiyo maana nakasirika ninapouona ukiliwa na watu ambao haukuandikiwa.

Ninachodai ni kimoja. Mfanyabiashara mdogo aliyekosa tenda iliyotengwa apewe njia ya haraka, isiyo na ada, ya kupinga ustahiki wa yule aliyeipata. Njia iliyopo leo ilijengwa kwa ajili ya tenda za mamilioni na mawakili wake. Haimfai mama anayeuza mafaili.

Tuanze na cheti chenyewe. Cheti cha AGPO hutolewa bure na Hazina ya Kitaifa. Unaomba kwenye mtandao, unaambatisha hati za usajili, PIN ya KRA (mamlaka ya mapato), uthibitisho kwamba umelipa ushuru, vitambulisho, na kama ni kampuni yenye hisa, CR12, ile karatasi ya msajili inayoorodhesha wakurugenzi na hisa zao. Mwenye ulemavu anaonyesha kwamba amesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Sharti kuu ni kwamba asilimia 70 au zaidi ya wanachama wawe wa kundi linalolengwa, na uongozi wote, asilimia 100, utoke katika kundi hilo. Kijana, kwa mujibu wa Katiba, ni aliyefika miaka 18 na hajafika 35.

Ukilitazama vizuri, sharti hilo linahesabu majina. Haliulizi mtaji ulitoka wapi. Haliulizi nani anatia sahihi hundi, nani anapanga bei, lori ni la nani, wala faida inaishia mfukoni mwa nani. Mwenye kampuni kubwa anayetaka tenda ya vijana anahitaji mpwa wa miaka 24 na ada ya kusajili kampuni. Mpwa anaitwa siku ya kutia sahihi, anapewa chake kidogo, anarudi nyumbani. Huku kwetu tunasema amekodisha cheti.

Kazi yangu ni kuwasaidia wafanyabiashara wadogo kuandaa makaratasi ya tenda, kwa hiyo mambo haya nayaona kwa karibu. Dada mmoja ninayemhudumia aliomba tenda ya kupeleka karatasi za fotokopi, wino wa printa na mafaili katika taasisi moja ya umma. Tenda ilitengewa wanawake. Barua ikaja kwamba bei yake ilizidiwa, naye akaikubali, kwani kushindwa kwa bei si ajabu. Wiki kadhaa baadaye alikuwa pale pale kufuatilia malipo ya mzigo wa zamani, akaona lori la duka kubwa la jumla likiingia getini. Lilishusha katoni zote. Hati ya kupokelea mzigo ilikuwa na jina la kampuni ya mwanamke aliyeshinda, lakini nambari ya simu iliyopigwa chapa chini yake ilikuwa ya duka lile, nambari anayoijua kwa kichwa kwa sababu naye hununua huko. Aliyetia sahihi kwa niaba ya kampuni ni meneja wa duka.

Nilimwambia alalamike. Akanijibu, "Kaka, nikilalamika leo, kesho nani atanipa LPO?"

LPO ni ile oda rasmi ya kuleta mzigo. Hofu yake ni ya kweli na nitairudia. Lakini hata kama angekuwa jasiri kuliko simba, sheria ingemwambia amechelewa. Kifungu cha 167 cha sheria ile ya ununuzi ya 2015 kinampa mzabuni siku 14 tangu alipoarifiwa matokeo, au tangu kosa analolilalamikia lilipotokea, kupeleka ombi kwa Bodi ya Mapitio ya Ununuzi wa Umma, ile PPARB. Mkataba ukishatiwa sahihi kwa kufuata sheria, Bodi haina mamlaka tena. Ushahidi wake yeye ulikuja ukiwa ndani ya lori, mkataba ukiwa umetiwa sahihi zamani.

Sisemi Bodi ni mbaya. Ina siku 21 tu za kuamua, na asiyeridhika ana siku 14 za kwenda Mahakama Kuu, ambayo nayo imewekewa siku 45. Nchi nyingi zingetamani kasi hiyo. Shida ni kwamba ada ya kufungua kesi hupangwa kulingana na thamani ya tenda, halafu kuna wakili, kuna viapo vya maandishi, na Bodi iko Nairobi. Mtu aliyetarajia faida ya shilingi elfu chache kwenye mafaili hawezi kuanza safari hiyo. Hata akianza, atathibitisha vipi? Kifungu cha 67 kinafunga siri za tathmini, na stakabadhi za mshindani haziko wazi kwake. Kamati ya tathmini yenyewe huuliza kama cheti kipo na kama muda wake haujaisha. Kipo? Alama ya ndiyo, twende mbele.

Sasa nitazame Marekani, kwa sababu swali hili wamelifanyia kazi kwa miaka mingi, na namna walivyolipanga inafundisha. Lengo la serikali yao kuu ni kwamba angalau asilimia 23 ya thamani ya mikataba iende kwa biashara ndogo, na ndani yake kuna mafungu ya wanawake, ya wanajeshi wa zamani waliopata ulemavu kazini, na mengine. Chombo kinachosimamia ni SBA, shirika la serikali la biashara ndogo lililoundwa mwaka 1953. Mzabuni aliyeshindwa akiona aliyeshinda si mdogo kama anavyodai, anaandika barua ndani ya siku 5 za kazi na kumpelekea ofisa wa ununuzi wa tenda hiyo hiyo. Ofisa hana ruhusa ya kuikalia. Lazima aifikishe SBA. Hakuna ada. Wakili si lazima.

Kinachonivutia zaidi ni kinachofuata. Mlalamishi hatakiwi kuthibitisha kila kitu. Anatakiwa kutaja mambo mahususi: kampuni hii na ile zina mkurugenzi mmoja, anwani moja, magari yale yale. Barua ya "nasikia ni kubwa" hutupwa. Ikikubaliwa, mzigo wa kujieleza unamwangukia aliyeshinda. Ana siku 3 za kazi kujaza fomu ndefu kuhusu umiliki, mapato na uhusiano wake na kampuni nyingine, pamoja na hesabu za kodi. Akikataa kutoa karatasi fulani, SBA inaruhusiwa kuamini kwamba karatasi hiyo ingemwumbua. Uamuzi unakusudiwa kutoka ndani ya siku 15 za kazi, na asiyeridhika ana siku 15 za kukata rufaa.

Wanachokipima ni udhibiti. Nani ana uwezo wa kuiendesha kampuni, hata kama hautumii? Kampuni za mume na mke, za mzazi na mtoto, za ndugu wa tumbo moja, zikifanya biashara pamoja au kuazimana vifaa, pesa na wafanyakazi, huchukuliwa kuwa kitu kimoja mpaka wenyewe wathibitishe vinginevyo. Kampuni iliyopata asilimia 70 au zaidi ya mapato yake kwa miaka mitatu kutoka kwa kampuni moja huhesabiwa kwamba inaitegemea hiyo. Kwetu asilimia 70 inahesabu majina kwenye orodha; kwao inafuata pesa. Na kwa tenda ya huduma iliyotengwa, mshindi haruhusiwi kuwalipa wakandarasi wadogo wasio wa kundi lake zaidi ya nusu ya pesa za mkataba.

Marekani nako udanganyifu upo. Watu wamefungwa jela kwa kumweka mwanajeshi mlemavu mbele kama mwenye kampuni huku wao wakivuna. Tena katika mpango wao mmoja maarufu, ule wa 8(a) wa kuwainua wafanyabiashara wadogo wasio na nafasi sawa kijamii na kiuchumi, mshindani haruhusiwi kupinga uanachama wa mwenzake, jambo ambalo naliona kasoro. Lakini tangu sheria ya mwaka 2010, anayejitangaza kwa makusudi kuwa mdogo ilhali si mdogo, ili apate tenda, anahesabiwa kuwa ameitia serikali hasara ya thamani yote ya mkataba, hata kama mzigo aliufikisha. Hapo mtu hufikiri mara mbili kabla ya kutafuta mpwa.

Najua nitakachoambiwa. Kwanza, kwamba malalamiko yatachelewesha kazi: hospitali inangoja shuka, shule inangoja madawati. Tukiiga siku 5 za kulalamika za Wamarekani, zinaingia ndani ya zile siku 14 ambazo sheria yetu tayari inazuia mkataba kutiwa sahihi baada ya matokeo. Hakuna siku hata moja inayoongezeka hapo. Na malalamiko yasiyotaja jambo mahususi yatupwe siku hiyo hiyo.

Pili, kwamba wivu utatumika kuwahangaisha wadogo wa kweli. Hilo linanisumbua zaidi, kwa sababu mstari kati ya kukodisha cheti na kufanya biashara ya kawaida unaweza kuwa mwembamba. Yule dada mwenyewe hununua karatasi kwenye duka lile lile la jumla. Kununua kwa mkubwa si kosa. Kila mchuuzi wa nchi hii hununua kwa mkubwa. Kuletewa mzigo na lori lake pia si kosa, ikiwa umelikodi. Maswali ya haki ni haya: bei ya tenda aliipanga nani? Mzigo ukikataliwa, hasara ni ya nani? Malipo yakiingia, nani anayatoa? Mama mwenye genge halisi la vifaa vya ofisi anajibu maswali hayo kwa risiti na taarifa ya benki mchana mmoja. Mwenye jina la kuazimwa hawezi, maana hajui hata bei aliyozabuni.

Na tuseme ukweli kuhusu huyo mwenye jina la kuazimwa. Mara nyingi si tapeli. Ni msichana aliyepata LPO akakosa mtaji, akazunguka benki zikamkataa, akaishia kwa tajiri aliyemwambia, "Niachie mimi, wewe tia sahihi tu." Serikali inapokaa na madeni ya wasambazaji miezi na miaka, inawasukuma vijana mikononi mwa watu wenye uwezo wa kungoja. Kumpinga mshindi wa bandia bila kulipa washindi wa kweli kwa wakati ni kufanya nusu ya kazi. Kwa hiyo adhabu kali imfuate aliye nyuma ya pazia. Sheria inaruhusu mtoa habari za uongo kuhusu sifa zake afungiwe tenda za umma kwa muda usiopungua miaka 3. Afungiwe tajiri pamoja na kampuni zake zote, si mpwa peke yake.

Vifaa vya kuanzia tunavyo. Tangu mwaka 2020 kampuni zinatakiwa kumtaja kwa msajili mmiliki wake halisi, yaani yeyote mwenye asilimia 10 au zaidi ya hisa au kura, au mwenye kuidhibiti kwa njia nyingine. Neno kudhibiti limo tayari katika kanuni zetu. Linatakiwa kuhamia kwenye cheti cha AGPO. Majirani zetu Tanzania nao wametenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, wakiwamo wazee, na ununuzi wao sasa unapita kwenye mfumo wa NeST wa mtandaoni. Swali la nani yuko nyuma ya kikundi litawahusu vilevile.

Narudi kwenye hofu ya dada yangu. Mshindani ndiye anayejua. Anajua lori, anajua simu, anajua mpwa wa nani ni nani. Ofisa aliye Nairobi hatajua kamwe. Lakini hatasema kama barua yake inasomwa na ofisa yule yule wa manunuzi anayegawa LPO. Hapa nisingewaiga Wamarekani. Barua iende moja kwa moja kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA, na jina la mlalamishi lisitajwe kwa taasisi inayonunua mpaka uamuzi utoke. Aliyeshinda ajibu hoja zilizotajwa; hana haja ya kujua nani aliyeziandika ili aonyeshe taarifa zake za benki. Na kwa tenda zilizotengwa, pale ushahidi unapojitokeza mzigo ukishafika, dirisha la kulalamika lifunguliwe tena kwa siku 5 tangu siku ya kupokelewa mzigo, malipo yazuiwe hadi PPRA iamue.

Waziri wa Fedha ana mamlaka ya kutunga kanuni chini ya sheria ya ununuzi, na Bunge kazi yake ni kuziidhinisha. Fomu ya ukurasa mmoja inatosha: nambari ya tenda, jina la aliyeshinda, mambo matatu mahususi uliyoyaona, na mahali pa kuambatisha picha ya hati ya kupokelea mzigo.