Kokoto ya Demosthenes

Mwalimu wetu wa Baiolojia alikuwa na desturi ya kugawa mada za kuwasilisha darasani kwa vikaratasi vilivyokunjwa, na kwa kuwa niliwaacha wenzangu wote wachague kwanza, nikitumaini kwamba vikaratasi vingekwisha kabla ya zamu yangu, nilibakiwa na kile ambacho hakuna aliyekitaka. Kilisema: "Hofu: mwili hufanya nini?" Mimi, ambaye hata jina langu likiitwa wakati wa mahudhurio huitikia kwa sauti ambayo jirani yangu wa dawati haisikii, nilipewa wiki mbili za kujiandaa kusimama mbele ya wanafunzi 42 na kuwaeleza hofu ni kitu gani.

Nadharia niliipata bila taabu. Nilijifunza kwamba juu ya kila figo imekaa tezi ndogo mfano wa kofia, iitwayo tezi adrenali, na kwamba mtu anapoona hatari tezi hizo humwaga katika damu homoni ya adrenalini. Kwamba moyo, ambao kwa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, huongeza kasi. Kwamba damu huelekezwa kwenye misuli mikubwa ili mwenye nayo apigane au atimue mbio. Na kwamba mate hupungua, maana anayemkimbia simba hana haja ya kutafuna. Nilichora figo mbili kwenye karatasi ya manila, nikaziwekea tezi zake kwa wino wa bluu, nikajiona nimemaliza. Kilichobaki kilikuwa kusema tu, na hilo ndilo sikuwa na tezi yake.

Katika kutafuta dawa nikakutana na habari za Demosthenes, msemaji mashuhuri wa Athens aliyeishi kuanzia mwaka 384 hadi 322 KK. Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, anasimulia kwamba bwana huyu alifanya mazoezi ya kuhutubia akiwa na kokoto kinywani, na kwamba alinyoa upande mmoja wa kichwa ili aibu imzuie kutoka nje ya chumba chake cha mazoezi. Pendekezo la kunyoa nililitafakari kwa uzito unaostahili, kisha nikalikataa, kwa sababu shida yangu haikuwa kutoka nje bali kuingia darasani. Nikachagua kokoto. Kwamba Demosthenes alikuwa akitibu matamshi yake wala si hofu ni jambo nililolitambua baadaye mno. Mgonjwa aliyebanwa hasomi maandishi ya kwenye chupa.

Niliokota kokoto tatu, nikaziosha kwa sabuni, na kwa muda wa siku kumi nikawa nahutubia ukuta wa nyuma ya darasa kwa lugha ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuisema. Asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa hapo hapo, nikimalizia salamu za ufunguzi, kiranja alipotokeza kichwa kwenye kona na kusema, "Mwalimu anakuita, wewe ndiye wa kwanza." Nilitema kokoto mkononi kwa haraka, nikazitupa, nikakimbia. Sikuzihesabu.

Nilipoanza kusema, mambo niliyoyaandika yalianza kutokea moja baada ya jingine, kwa mpangilio ule ule nilioupanga. "Mikono hutetemeka," nikasema, na karatasi ya manila ikapiga kelele kama bati lililolegea siku ya upepo. "Jasho hutoka," nikasema, na tone likashuka kutoka kwenye kidevu changu, likatua juu ya figo ya kushoto, na ile tezi ya wino wa bluu ikaanza kuteremka taratibu kuelekea mahali ambapo hakuna daktari angeitafuta. "Kinywa hukauka," nikasema, na ulimi wangu, uliokuwa ukizunguka kutafuta mate, ukagusa nyuma ya shavu kitu kigumu, cha duara, chenye ladha ya sabuni.

Hapo nilielewa kwamba nilitema mbili. Nilitaka kuimeza ile ya tatu, lakini ili kumeza panahitajika mate, na mate nilikuwa nimekwisha kueleza yalikokwenda. Kuitema mbele ya watu sikuthubutu. Nikaona nimalize sentensi iliyokuwa imebaki, kisha niombe ruhusa ya kutoka, na sentensi yenyewe, kwa bahati mbaya, ilikuwa hii: "Kwa hiyo mwili huchagua moja kati ya mawili, kupigana au kukimbia."

Sikufika kwenye kukimbia. Ile "pi" ya "kupigana" niliitamka kwa nguvu zote za siku kumi za mazoezi, na kokoto ikatoka kinywani kama iliyorushwa kwa manati, ikagonga dawati la mbele, ikadunda sakafuni, ikabingirika polepole mpaka kwenye kiatu cha mwalimu. Darasa zima liliitazama. Kisha likanitazama mimi, likatazama zile figo mbili nilizozishika, na sauti ya mtu aliyeunganisha mambo haraka kuliko inavyopasa ikapaa kutoka nyuma:

"Mwalimu, ametoa kijiwe cha figo!"

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia tena. Mwalimu mwenyewe aliegemea ubao, miwani mkononi, na mimi nikacheka mpaka karatasi ikanidondoka. Nilipopata pumzi niligundua kwamba sitetemeki, labda kwa kuwa hapakuwa na jambo baya zaidi lililobaki kunipata. Nikawaeleza kwamba vijiwe vya figo hutokana na madini yanayoganda kutoka kwenye mkojo, mengi yake yakiwa na kalsiamu, na kwamba vina njia yake ya kutokea ambayo haipiti kinywani hata kidogo. Wakauliza maswali. Nikajibu kwa dakika kumi nzima bila kuangalia maandishi, ambayo kwa kweli yalikuwa chini ya kiti na sikujua yalifikaje.

Kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyeniamini nilipokiri kuwa niliogopa. Nimekuja kusoma kwamba wanasaikolojia Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walionyesha mwaka 2003 kwamba msemaji hudhani hofu yake inaonekana kuliko inavyoonekana kweli, ingawa nina shaka kama katika majaribio yao kuna aliyetema jiwe. Wenzangu waliona kutetemeka, jasho na hata kokoto kuwa maonyesho niliyoyapanga kwa ustadi. Mwalimu alinipa alama 18 kati ya 20 na kuandika pembeni: "Vielelezo hai. Hongera."

Muhula uliofuata akaniomba nirudie wasilisho hilo kwa darasa jirani, ambalo lilikuwa limekwisha kupata sifa zangu na likakaa kimya likisubiri. Nilisimama, nikasema kwamba mikono hutetemeka, nikainyoosha ili waione, na mikono ikatulia kama ya fundi saa. Nikajaribu kuitingisha kwa makusudi, wakaguna. Mwalimu alinipa alama 15, na pembeni akaandika: "Maelezo safi, lakini mwasilishaji hakuonyesha hofu ya kutosha."