Shilingi Sitini za Roysambu

Mwezi wa Novemba 2023, mvua za El Niño zikiwa zimegeuza nusu ya Nairobi kuwa mito na petroli ikiuzwa shilingi 217.36 kwa lita, nilimsukumisha mama mkwe wangu gari kwenye barabara kuu ya Thika ili niokoe shilingi sitini. Ninaandika haya kwa sababu habari hii imekwisha kufika Machakos, kwao mke wangu, kabla yangu, ikiwa imetiwa chumvi ya kutosha, na ningependa angalau hesabu zake ziwe sahihi.

Chanzo ni kadi ya punguzo la mafuta, niliyoinunua mwezi mmoja kabla kwa shilingi mia tano. Ulikuwa mwaka wa shida kwa kila mwenye gari. Mnamo Julai ushuru wa VAT kwa mafuta ulipanda kutoka asilimia 8 hadi asilimia 16, na tangu hapo kila tarehe 14 ya mwezi, siku ambayo EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, hutangaza bei mpya zinazoanza saa sita ya usiku, nyumbani kwangu tulikaa mbele ya runinga kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani wa mtoto mzito wa kichwa. Oktoba ilipokuja na hiyo 217.36, jirani yangu mmoja anayeendesha teksi alinionyesha kadi ya plastiki ya rangi ya kijani kibichi na kuniambia kwamba yeye hulipa shilingi tatu pungufu kwa kila lita. Nilimwonea wivu papo hapo. Mombasa, ambako mafuta hushushwa melini kabla ya kupandishwa huku bara kwa bomba, bei huwa chini ya ile ya Nairobi kwa takriban shilingi tatu hizo hizo; hivyo nilijiona nimepata njia ya kuishi Donholm kwa bei ya Mombasa.

Sikumuuliza jirani yangu hulilaza wapi gari lake, hupita barabara zipi, wala hununua lita ngapi kwa siku. Baadaye nilikuja kujua kwamba hununua lita thelathini kila siku, siku ishirini na sita kwa mwezi, na kwamba abiria wake wengi ni wa maeneo ya Thika Road. Kwake kadi ile huleta shilingi 2,340 kwa mwezi bila yeye kugeuza usukani hata mara moja. Mimi hutumia lita themanini kwa mwezi, yaani shilingi 240, kwa hiyo ningehitaji zaidi ya miezi miwili kurudisha tu bei ya kile kipande cha plastiki. Hesabu hii ni ya mtoto wa darasa la nne, lakini mtu aliyeonyeshwa neno punguzo hafanyi hesabu.

Masharti yalikuwa nyuma ya kadi, kwa maandishi yanayohitaji miwani: pesa ziwekwe ndani ya kadi kabla, ununuzi uwe wa lita ishirini au zaidi kwa mkupuo mmoja, na mafuta yanunuliwe katika vituo vya kampuni hiyo peke yake. Kampuni nitaistahi, sitaitaja. Kituo chake kilichokuwa karibu nami kilikuwa Roysambu, na mtu wa Donholm akisema kwamba Roysambu ni karibu, ujue ana jambo analoficha.

Siku ya tukio, mke wangu alinituma nikampokee mama yake katika stendi ya mabasi ya Machakos, pale karibu na Muthurwa. Kutoka hapo hadi kwetu Donholm, ukipitia Jogoo Road, ni kama kilomita nane. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala kabisa, lakini nilikuwa na shilingi elfu nne ndani ya kadi na sikukusudia kuzipeleka kwenye pampu ya mtu mwingine kwa bei ya watu wa kawaida. Mama mkwe alipanda na kikapu cha maembe, kuku mmoja aliyefungwa miguu, na mwavuli. Aliketi kiti cha nyuma, kama heshima ya mkwe na mama mkwe inavyotaka, nami nikamweleza kwa sauti ya mtu mwenye mipango kwamba tungepitia mahali kidogo tu.

"Wewe ndiye mwenye gari, baba," alisema.

Tulipofika Pangani, taa ya njano ya mafuta, ambayo hapo awali ilikuwa ikiwaka na kuzimika kama inayosinzia, iliwaka moja kwa moja. Mama mkwe, ambaye ameuza nyanya na maharagwe sokoni kwa miaka zaidi ya thelathini na hana jambo linalompita, aliiona kutoka nyuma. Tulipokaribia kituo cha kwanza cha mafuta alisema kwa upole, "Hapa pana mafuta, baba." Nilimjibu kwamba ninayajua, ila mimi nina kadi. Kwenye kituo cha pili alikohoa. Cha tatu alikisoma jina. Kufikia Allsopps tulikuwa tumevipita sita, na kuku naye alikuwa ameanza kulalamika.

Lazima nikiri kwamba pale Allsopps bado ningeweza kukunja kulia, nikashika Outering Road na kufika nyumbani, au kufia mahali penye heshima. Sikukunja. Tulikipita kituo cha saba, chenye pampu nne zilizokaa bure na kijana aliyetupungia mkono, na mbele kidogo ya Garden City gari likakohoa mara mbili, likasonga kwa nguvu za kukumbuka tu, kisha likanyamaza katikati ya njia, kilomita moja hivi kutoka kwenye punguzo langu.

Atakayesema kwamba mvua ilikuwa kubwa tu ni yule ambaye hakuwa nje. Matatu zilitupita zikipiga honi ndefu, na makanga mmoja aliyening'inia mlangoni akanishauri kwa sauti kuu kwamba gari hili nilifuge tu. Nilishuka, nikashika usukani kwa mkono mmoja kupitia dirishani, nikasukuma kwa bega. Probox tupu si gari zito, lakini Probox yenye maembe na mama mkwe ni jambo jingine. Nilikuwa bado natafuta maneno ya adabu ya kumwomba ashuke, kwa kuwa hakuna kitabu cha mila kinachoeleza jinsi mkwe anavyoanza sentensi ya namna hiyo, nikasikia mlango wa nyuma ukifunguka. Alikuwa amevua viatu vyake vya kanisani na kuviweka juu ya kikapu, amejifunga leso kiunoni kwa fundo la mtu anayekwenda kuvuna, na mikono yake miwili ilikuwa tayari juu ya buti.

"Shika usukani, baba," alisema. "Mimi nilikuwa nasukuma mkokoteni kabla hujazaliwa."

Alisukuma. Mchuuzi wa njugu aliyekuwa amejikinga chini ya daraja la wapita njia aliona aibu kwa niaba yangu akaja kusaidia, na kwa pamoja tukalifikisha gari pembeni, ambako nilikata tawi la mti na kulilaza nyuma yake kwa kuwa kile kibao chekundu cha pembetatu nilikuwa nimemwazima mtu. Mchuuzi nilimpa shilingi mia moja. Kisha nikamtuma mwendesha bodaboda akaniletee lita tano, naye akarudi baada ya robo saa na dumu la manjano lililokuwa la mafuta ya kupikia, akidai shilingi 1,500. Lita tano za halali zilikuwa shilingi 1,086 na senti themanini zisizolipika. Nilipomuuliza ameyatoa wapi kwa bei hiyo, alionyesha nyuma, kwenye kile kituo cha saba, cha kijana aliyetupungia mkono.

Tulikata chupa ya maji kwa wembe tukapata faneli, na mama mkwe akaushikilia mwavuli juu ya tundu la tangi ili maji ya mvua yasiingie. Alilitazama dumu kwa jicho la mtu anayejua vipimo. "Hizi si tano," alisema. "Gorogoro yako imebonyezwa tumbo." Kweli, dumu lilikuwa na bonyeo kubwa ubavuni, lakini bodaboda alikuwa amekwisha kutokomea, pesa nazo zilikuwa zimekwenda naye.

Hatimaye tulifika kituoni Roysambu. Nilikabidhi kadi kama anayekabidhi pasipoti na kumwambia mhudumu aweke lita ishirini. Aliichomeka kwenye mashine, akasubiri, akaipangusa kwa shati, akaichomeka tena. Mashine ikasema salio halitoshi. Lita ishirini kwa bei ya punguzo zilikuwa shilingi 4,287 na senti ishirini, na mimi nilikuwa na elfu nne. Nilimwomba basi aweke za hizo elfu nne. Alinieleza, kwa huruma iliyonichoma kuliko dharau, kwamba elfu nne hazifikishi lita ishirini na kwamba chini ya lita ishirini kadi hulipa bei ya kila mtu.

Nilipapasa mifuko. Pesa taslimu zangu zote zilikuwa zimepanda bodaboda, na kwenye M-Pesa nilikuwa na shilingi arobaini na moja. Mhudumu alingoja. Gari la nyuma lilipiga honi. Kuku alinyamaza, na ukimya wake ndio ulionivunja moyo zaidi.

"Kumepungua ngapi?" aliuliza mama mkwe.

Nilimwambia mia tatu. Alitoa simu yake ndogo ya vibonyezo, ile tunayoiita kabambe, akavaa miwani, na kwa utaratibu wa mweka hazina wa chama, ambao kweli ndio wadhifa wake, akaniuliza nambari yangu, akaisoma kwa sauti mara mbili ili kuhakikisha, akatuma, na mbele ya mhudumu akaniuliza kama zimefika. Zilifika. Nikaziingiza kwenye kadi, na mtandao ukachukua dakika kumi na mbili kukubali kwamba mimi ni mimi. Mafuta yakaingia. Simu yangu ikalia: "Hongera, mteja wetu! Leo umeokoa shilingi 60.00." Nilimwonyesha mama mkwe, na hadi leo sijui ni nini kilichonituma.

Aliusoma ujumbe, akanirudishia simu, wala hakusema kitu mpaka tulipokuwa kwenye Outering Road, tukirudi nyumbani kwa mwendo wa foleni. Hapo alianza kunieleza biashara, bila hasira, kama anayemfundisha mtoto wa ndugu yake. Sokoni, alisema, mchuuzi akikupunguzia bei kwa sharti la kuchukua gunia zima, ni kwa sababu anataka gunia liondoke. Na akikupa kadi ya kununulia kwake, ni ili usipite tena mbele ya kibanda cha jirani ukauliza bei. Mimi nilimjibu, kwa kujitetea, kwamba mafuta si nyanya, kwamba bei yake hupangwa na serikali tangu mwaka 2010 na ni moja kila mahali mjini. Aliuliza kama serikali inasema mafuta yauzwe bei hiyo, au yasizidi bei hiyo. Nilifikiri kidogo. Yasizidi, nilisema.

"Basi yule pale anauza ngapi?" aliuliza, akinyosha kidole.

Kulikuwa na kituo kidogo cha mafuta kando ya barabara, kisicho na jina kubwa, chenye bango la bei ya petroli lililoandikwa kwa mkono: Super 214.00. Mimi na kadi yangu tulikuwa tumelipa 214.36. Kituo hicho kiko umbali wa dakika nane kutoka mlangoni kwangu, na nimekipita kila asubuhi kwa miaka minne.

Mke wangu ana daftari la matumizi ya nyumba, na jioni ile alilifungua bila kuombwa. Kilomita kumi na saba za ziada, kwa gari linalokwenda kilomita kumi kwa lita: shilingi 370. Faida ya bodaboda, tukimwamini kwamba zilikuwa lita tano: 413. Mchuuzi wa njugu: 100. Jumla 883, mbali na mia tano za kadi. Upande wa pili wa ukurasa, chini ya neno "Tumeokoa", aliandika 60 kwa wino wa kijani, akaizungushia duara. Kisha akaandika deni la mama, 300, akaniuliza nitalipa lini.

Nililipa siku ya tatu, mama mkwe alipokuwa akirudi Machakos. Mvua ilikuwa imekatika, tangi lilikuwa na mafuta, na nilikuwa nimesafisha viti vya gari hadi vikanukia sabuni. Nilimwomba nimpeleke hadi stendi. Alinishukuru sana, akaniombea baraka za kazi na za barabarani, akachukua mwavuli wake na kikapu, akatembea hadi kituo cha matatu. Nilimsindikiza kwa miguu nikiwa nimembebea mzigo. Matatu ilipofika, kabla ya kupanda, alimshika makanga mkono.

"Kijana, hii gari mnaitilia mafuta wapi?"

"Hapa hapa, mama," alisema makanga, akionyesha kituo kilichokuwa ng'ambo ya barabara.

Akapanda.