Mwaka Hauenei Wote Katika Orodha ya Malengo

Mwisho wa mwaka unapokaribia, wengi wetu tunaoitilia maanani imani yetu hufanya hesabu ya namna moja. Tunayachukua malengo tuliyoyaandika mwezi wa Januari, tunayapitia moja baada ya jingine, tunaweka alama mbele ya lile lililotimia na kuliacha wazi ambalo halikutimia, kisha tunautolea mwaka mzima hukumu kwa kulinganisha alama na nafasi zilizobaki wazi. Nayaheshimu malengo, na mtu asiyejiwekea lengo lolote hujikuta anaishi kwa kufuata haja za kila anayemgongea mlango. Hata hivyo, mwaka huu unaomalizika umenithibitishia kwamba hesabu ya namna hiyo, hasa katika mambo ya roho, huacha nje sehemu kubwa ya mwaka, na kwamba mara nyingi sehemu inayoachwa nje ndiyo yenye uzito zaidi mbele za Mungu.

Malengo yangu yalikuwa ya aina mbili. Aina ya kwanza ilihusu maisha ya kila siku: kuweka akiba kila mwezi, kutembea kwa miguu asubuhi, kuizima simu mapema usiku. Kwa hayo sina mengi ya kusema, kwa sababu orodha inayatosha. Akiba ama ipo ama haipo, na daftari la hesabu halihitaji tafakuri ndefu. Aina ya pili ilihusu roho: kuisoma Biblia yote kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo, kuamka kabla ya alfajiri kwa ajili ya sala, kufunga siku moja katika kila juma, na kupatana na ndugu yangu ambaye tulikuwa tumeachana kwa maneno makali. Nitayazungumzia haya, kwa kuwa ndiyo yaliyonionyesha mpaka wa kile ambacho orodha inaweza kukisema.

Biblia ya Kiprotestanti ina sura 1,189, hivyo mtu anayesoma sura tatu hadi nne kwa siku huimaliza ndani ya mwaka mmoja. Ratiba za kusoma kwa utaratibu huo ni nyingi, na mojawapo ya zile zilizodumu zaidi iliandaliwa mwishoni mwa 1842 na Robert Murray M'Cheyne, mchungaji kijana wa Dundee, Uskoti, aliyetaka washarika wake walisome Agano la Kale mara moja na Agano Jipya pamoja na Zaburi mara mbili kwa mwaka. Ninalolipenda kwa mchungaji huyu ni kwamba kabla ya kuwakabidhi ratiba yenyewe aliwaonya juu ya hatari zake: kusoma kwa desturi tu, kujiona mwenye haki kwa sababu umemaliza fungu la siku, kusoma harakaharaka bila kutafakari, na kuigeuza ratiba kuwa nira nzito isiyobebeka. Ratiba hiyo ilikuwa ya mwaka 1843. M'Cheyne alifariki mwezi wa Machi mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 29, baada ya kuugua homa kali. Kwa kipimo cha alama na nafasi zilizo wazi, mwandishi wa ratiba ile hakuimaliza ratiba yake mwenyewe, lakini sidhani kuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kusema kwamba mwaka wake wa mwisho ulishindikana.

Kwangu mimi ratiba ilisimama katika kitabu cha Hesabu, mama alipolazwa hospitalini. Tulipangiana zamu za kumuuguza, na zamu za usiku nyingi zikaniangukia mimi. Yeyote aliyewahi kukesha wodini anayafahamu mambo yake: kiti kisicho na mahali pa kuegemeza kichwa, taa ya ukumbi isiyozimwa, muuguzi anayepita kupima presha wakati mgonjwa ndiyo kwanza amepata usingizi. Mama alikuwa akiamka saa nane au saa tisa usiku na kuniomba nimsomee Zaburi ya 121, ile inayomtaja Mlinzi asiyesinzia wala kulala, na nikifika mwisho ananiambia, "Rudia tena, mwanangu, taratibu." Nilikuwa ninarudia. Ukurasa uleule ulisomwa usiku baada ya usiku, wakati ratiba ilinitaka niwe nimeshavuka Yoshua na Waamuzi. Kufunga kulikoma pia, kwani anayemuuguza mtu mzima na kumgeuza kitandani anahitaji nguvu. Sala ya alfajiri niliyoikusudia, ya kupiga magoti katika chumba kilicho kimya, haikuwezekana; kilichowezekana ni maneno machache yaliyosemwa kimoyomoyo huku mkono mmoja umeshika bilauri ya maji.

Katika zamu hizohizo ndipo ndugu yangu na mimi tulipokutana tena. Mimi nilikuwa nimepanga kikao: tungekaa na mzee mmoja wa familia, kila mmoja angeeleza upande wake, tungeombana radhi. Kikao hicho hakijafanyika mpaka leo. Tulizungumza kwanza juu ya dawa zilizokwisha, kisha juu ya nani atalala siku ile, na asubuhi moja akanishika bega akasema, "Wewe nenda kapumzike, mama nitakaa naye mimi mpaka jioni." Tangu siku hiyo tunapigiana simu kama zamani. Nikiitazama orodha, lengo hili linastahili alama ya kutimia. Lakini alama hiyo ingeeleza uongo kidogo, kwa sababu halikutimia kwa juhudi niliyoipanga, bali lilikuja kwa njia ambayo kama ningeulizwa mwezi wa Januari ningeomba inipitie mbali.

Basi miezi ile niihesabu vipi? Nikifuata orodha, ndiyo miezi mibovu kuliko yote: hakuna sura mpya zilizosomwa, hakuna kufunga, hakuna kuamka kwa sala. Nami nashuhudia bila kusita kwamba ndiyo miezi niliyosali kwa kumaanisha kila neno, na ndiyo miezi ambayo Zaburi moja fupi ilinilisha kuliko vitabu vizima nilivyovipitia mwaka uliotangulia kwa kufukuzana na tarehe.

Najua hoja itakayoletwa hapa, na ni hoja ya haki. Wako watakaosema kwamba huku ni kufungulia mlango visingizio, kwa maana kila anayeshindwa kutekeleza alichoahidi atadai kwamba maisha yalimwingilia. Jibu langu ni kwamba swali la kujiuliza ni jepesi, na dhamiri ikiulizwa kwa utulivu haiwi na kigugumizi: ni kitu gani kilichokaa mahali pa lile lengo? Sala ya alfajiri iliyompisha mgonjwa aliyehitaji kugeuzwa kitandani, na sala ya alfajiri iliyopisha usiku mrefu wa kutazama video kwenye simu, zote mbili huacha nafasi wazi kwenye orodha, na orodha haiwezi kuzitofautisha. Mwenye nafsi yake anaweza. Kwa hiyo anayetafuta kisingizio hatakipata katika swali hili. Atakipata kwa urahisi zaidi katika orodha, ambayo inamruhusu kuandika "halikutimia" na kuendelea bila kueleza kwa nini.

Walimu wa kale wa maisha ya kiroho walilielewa jambo hili vizuri kuliko sisi. Katika Uislamu, mafunzo ya kuihesabu nafsi yana historia ndefu, na Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anayafafanua kwa mfano wa mfanyabiashara na mshirika wake: asubuhi mtu huwekeana masharti na nafsi yake, mchana huichunga, na mwisho wa siku hukaa nayo na kuidai hesabu. Tazama kwamba masharti yapo, yaani malengo hayakudharauliwa. Ila muda kati ya kuahidi na kuhesabu ni siku moja. Sisi tunaahidi Januari na kuhesabu Desemba, wakati hatukumbuki tena hata kilichotokea Aprili, halafu tunashangaa kwamba tathmini yetu ni ya juujuu.

Kwa upande wa Wakristo, Ignatius wa Loyola, ambaye mazoezi yake ya kiroho yalichapishwa mwaka 1548, alifundisha namna ya kuichunguza dhamiri inayoanza kwa shukrani. Mtu humshukuru Mungu kwanza kwa mema aliyoyapokea, humwomba mwanga wa kuziona dhambi zake, kisha huipitia siku yake saa kwa saa tangu alipoamka, ndipo anapoomba msamaha na kukusudia kujirekebisha. Utaratibu huo una hekima kubwa ndani yake. Anayeanza kwa orodha ya makusudio yake ataona tu yale aliyoyakusudia, yamefanyika au hayakufanyika. Anayeipitia siku jinsi ilivyokuwa atakutana pia na yale aliyoyapokea bila kuyaomba, na watu waliofika kwake bila miadi, na jinsi alivyowapokea. Kusudio la kujirekebisha huja mwisho kabisa, likiwa limezaliwa na kile kilichoonekana.

Kwa sababu hiyo, mwaka huu nimeyaacha malengo yangu ndani ya daftari hadi mwisho, nikaanza kwa kupitia miezi yenyewe. Nilifungua ujumbe wa simu wa kila mwezi, kalenda ya ukutani yenye maandishi ya familia nzima, na kurasa ambazo huandika maombi ya watu. Nilikutana na mambo niliyokwisha kuyasahau, mathalani mfanyakazi mwenzangu aliyefiwa mwezi wa Februari na kuniomba nimsindikize katika safari ya mazishi, na kijana aliyeniuliza swali zito juu ya imani, swali ambalo sikuwa na jibu lake na ambalo tumeendelea kulizungumza hadi sasa. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa katika orodha. Niliwauliza pia walio karibu nami wameuonaje mwaka wangu, na ushahidi wao nimeupa uzito kuliko alama zangu mwenyewe, kwa kuwa upole na uvumilivu hupimwa vizuri zaidi na wanaovihitaji.

Ndipo nikafungua orodha, na sikuitupa. Utafiti uliofanywa na Phillippa Lally na wenzake wa Chuo Kikuu cha London, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea mapya, na ukaonyesha kwamba zoea huchukua takriban siku 66 kukomaa, ingawa kwa wengine zilikadiriwa siku 18 na kwa wengine hadi 254, na kwamba kukosa siku moja hakuliharibu. Miezi yangu ya hospitali ni mirefu kuliko siku moja, lakini ninachokichukua ni hiki: aliyekatizwa huendelea alipoishia. Sioni sababu ya desturi yetu ya kufuta kila kitu Januari na kuanza upya, kana kwamba kilichofanyika kwa nusu hakikufanyika. Wamethodisti wana sala ya agano ambayo John Wesley aliitumia na waumini wake tangu 1755, na ambayo leo husaliwa mara nyingi mwanzoni mwa mwaka. Ndani yake mtu anamwambia Mungu amtumie au amweke kando, vyovyote apendavyo. Sala hiyo nitaiweka juu ya ukurasa wa kwanza, kabla ya lengo lolote.

Mama yuko nyumbani sasa, na bado anahitaji kusaidiwa, hivyo malengo ya mwaka ujao ni machache na kila mwezi una ukurasa mtupu wa kuandikia yatakayokuja bila kupangwa. Jumapili jioni ndugu yangu na mimi tutakuwa tunalihesabu juma kwa simu, naye amekubali. Kusoma Biblia kulianza tena baada ya hospitali na kumefika mwisho wa Isaya. Januari nitaendelea na Yeremia.